Mwenye Mti Apatikane

Jumatatu, 6 Oktoba

Kibao kimepigiliwa. Kizuri mno! Ubao wa bluu, maandishi meupe, na pembeni mchoraji ameongeza mkasi kwa hiari yake, ingawa unafanana zaidi na kuku aliyepanua mdomo. Kinasomeka: MTI HUU NI MALI YA FUNDI CHEREHANI. KUKAA CHINI YAKE NI KWA RUHUSA. Nimekigongelea mwenyewe kwenye mjakaranda ulio mbele ya duka letu, kando kabisa ya barabara. Misumari minne. Kidole kimoja.

Anayelengwa ni fundi viatu. Simwiti jina, namwita Soli, na hata hilo ni heshima. Mtu analeta suruali kwangu ipunguzwe, anamkuta Soli pale chini na sanduku lake, wanaanza kucheka, na jioni suruali inarudi nyumbani ndefu kama ilivyokuja. Kivuli kile ni cha wateja wangu. Basi na kiwe changu.

Mke wangu aliuliza ni lini niliupanda. Nikamwambia sikuupanda, nilikuta upo, lakini mara nyingi nimeumwagia maji ya kufulia. Akaendelea kushona. Yeye ndiye anayeshikilia chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, anakoshona magauni ya maharusi. Mimi nipo chumba cha kati na zipu zangu na sare za shule. Nyuma yetu ni chumba cha kulala. Duka, jiko na kitanda, vyote chini ya bati moja, na hatuna bati lingine popote.

Jumanne, 7 Oktoba

Soli hajahama. Amepata mchezo!

Asubuhi alisimama katikati ya njia na sanduku kichwani, akapaza sauti mpaka muuza mayai akatoka nje. "Hodi, mwenye mti! Tunaomba kukaa!" Nikamnyima ruhusa. Akauliza kwa adabu zote kama kivuli nacho kimo kwenye ubao, maana saa ile kivuli kilikuwa kimelala ng'ambo ya barabara. Akaenda kukaa ng'ambo. Kivuli kilipoanza kurudi, naye akawa anarudi nacho, anaburuza sanduku kidogo kidogo, na kila anaposogea anabisha hodi upya. Ilipofika adhuhuri alikuwa palepale pa siku zote.

Kufikia jioni mtaa mzima unaniita Mwenye Mti. Shikamoo, Mwenye Mti. Habari za mti, Mwenye Mti. Wanadhani wananidhihaki. Niseme kweli? Sikuchukia. Nimekuwa fundi wa zipu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniita Mwenye kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mke wangu amelalamika kwamba maua ya zambarau yanaingia dirishani na kutua kwenye gauni jeupe la bi harusi wa Jumamosi. Amesema nikauambie mti wangu. Nikamjibu kwamba uzuri una gharama zake. Akanitazama kwa jicho lile la kupima, lile analomtazamia mteja aliyenenepa tangu vipimo vya kwanza.

Shemeji kapita mchana, kaka yake huyo mke wangu, na teksi yake iliyooshwa ikang'aa. Akauliza aegeshe wapi. Nikatoka nje, nikatanua mkono kama mwenye shamba, nikamwambia aegeshe chini ya mti wangu, hana haja ya kuuliza, yeye ni wa nyumbani. Soli alikuwepo. Muuza mayai alikuwepo. Nilihakikisha wapo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa.

Shemeji alirudi leo kula kwa dada yake, akaegesha palepale nilipomwonyesha jana. Alikuwa ndani, mkono umo kwenye sahani. Hakukuwa na upepo wala mvua. Tawi likaamua tu. Kishindo! Tulipotoka, tawi zima lilikuwa limekaa juu ya teksi kama abiria aliyekosa mlango, na kioo cha mbele kilikuwa kimelala kwenye viti kwa vipande.

Tumshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Hilo nilikuwa wa kwanza kulisema, na nililisema mara nyingi. Shemeji alisubiri nimalize. Kisha akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila gari ile ndiyo ugali wa watoto wake, na ana swali moja dogo tu. Mti ni wa nani?

Nikasema mti ni wa Mungu. Alinyoosha kidole chenye mchuzi kuelekea kibaoni.

Juu, palipovunjika tawi, limebaki lingine, kavu kabisa, linaning'inia juu ya njia. Hakuna aliyelitazama. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeamka kabla ya watu, nikang'oa kibao. Kimefichwa uvunguni mwa kitanda.

Kosa! Pale kilipokuwa, gome nililolikwangua ili kikae vizuri limebaki safi, mraba mweupe kuliko sehemu nyingine, na matundu manne ya misumari. Hata kibao chenyewe hakikuonekana vizuri hivyo. Nikaupaka mraba udongo. Udongo ukakauka, ukawa mwekundu. Sasa unaonekana kutoka kituo cha basi.

Soli alipofika aliuzunguka mti taratibu, akavua kofia. Akauliza mbona Mwenye Mti amejiuzulu, na kama anaruhusiwa kukaa bila kuomba au asubiri uteuzi mpya. Nikamwambia simfahamu mwenye mti. Akasema ni mtu wa makamo, mfupi kidogo, kidole gumba kimevimba.

Nikaingiza mkono mfukoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mti wa kando ya barabara lazima una mwenyewe, na si mimi. Leo nimeanza kumtafuta.

Halmashauri wamenisikiliza vizuri. Wakasema mti ukiwa kando ya barabara ni wa watu wa misitu, maana ni mti. Watu wa misitu wakaniuliza iko miti mingapi. Nikasema mmoja. Wakacheka, wakasema mmoja si msitu, niende kwa watu wa umeme. Watu wa umeme wakaniuliza kama umegusa nyaya. Nikasema bado. Wakaniambia nirudi ukigusa.

Nimerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mti uleule, wakati wa kivuli wanaugombania watu wawili. Limeanguka tawi, nchi nzima hakuna mwenye nao.

Shemeji amefunika mbele ya gari kwa nailoni. Akiendesha inapiga kelele kama tiara. Abiria hawapandi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempata! Nimempata mwenye mti!

Ni Ofisi ya Barabara. Nilikwenda leo, nikakuta kijana wa mapokezi mwenye mafua, hata hakuinua kichwa. Amesema kila barabara ya umma ina ukanda wake kila upande, unaitwa hifadhi ya barabara, na chochote kilichosimama ndani ya ukanda huo, kiwe mti, kiwe jiwe, kiwe nini, ni mali yao na wajibu wao. Kiwe nini! Maneno matamu kama haya sijawahi kuyasikia kwa mtu anayepiga chafya.

Akanitajia upana. Nikaja mbio. Nikachukua tepu yangu ya kupimia viuno, nikapima barabarani mchana kweupe, kipande kwa kipande, nikiweka alama ya chaki kila inapoishia. Pikipiki zinanipigia honi. Soli akauliza barabara inashonewa nini, gauni au kaptura. Sikumjali. Nilipofika shinani, hesabu ilikuwa bado haijaisha. Mti umo ndani! Umo ndani kabisa, na nafasi ya kutosha imebaki!

Nikakunja tepu, nikaingia ndani nikiimba.

Mke wangu alikuwa na pini mdomoni. Akauliza kwa upande wa mdomo usio na pini huo ukanda unaishia wapi. Nikamwambia unaishia kwenye mti. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia kwa sababu hapo ndipo nilipoacha kupima.

Alitoa pini zote mdomoni, moja moja. Nilidhani anataka kunipongeza. Akasema, "Mume wangu, nakuomba. Uache mti huu. Kioo cha kaka yangu nitakishonea mimi, gauni kwa gauni, mpaka kiishe." Wanawake wana huruma, lakini si watu wa sheria. Kesho napeleka malalamiko rasmi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Malalamiko yamepokelewa. Nimeomba waje kupima mbele ya mashahidi. Kijana wa mafua akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nadai haki yangu.

Mke wangu, usiku na mchana ni cherehani tu. Anashona kama mtu anayekimbizwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamekuja!

Nimemwita mkuu wao Kofia Njano, maana hakuivua hata alipokunywa maji. Ana gurudumu dogo lenye mpini, analisukuma nalo linahesabu lenyewe. Mtaa wote ulikuwa nje. Niliwapanga mashahidi kwa heshima zao: shemeji mbele, muuza mayai, kinyozi wa jirani, na Soli nyuma kabisa, ingawa alijisogeza. Nilikuwa nimevaa koti.

Kofia Njano akaanzia kwenye lami. Gurudumu likaja, tik, tik, tik, mpaka shinani. Akasimama. Akasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mti huu ni wa barabara, wala fundi cherehani hahusiki nao kwa namna yoyote.

Nilimkumbatia! Nilimgeukia shemeji, nikamuuliza kama amesikia. Nilimgeukia Soli, nikamuuliza yeye pia. Nilikuwa nimeanza kusema maneno machache ya shukrani kwa serikali pale nilipogundua kwamba watu hawanitazami.

Gurudumu lilikuwa bado linakwenda.

Likapita baraza. Kofia Njano akasema hodi, kwa kweli alisema, mtu mstaarabu sana. Likapanda kizingiti, tik, likaingia chumba cha mbele, likapita kando ya yule mdoli wa mbao aliyevishwa gauni jeupe, tik, tik, likasimama kati ya meza ya mke wangu na kioo kirefu wanachojitazamia maharusi. Hapo ndipo hifadhi ya barabara inapoishia.

Wakapaka X nyekundu ukutani, chini ya dirisha. Wakapaka na baraza ya muuza mayai. Wakapaka na kizingiti cha kinyozi. Mti hawakuupaka. Mti ni wao.

Mke wangu alisogeza gauni lisishike rangi.

Kofia Njano akanivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba amenihurumia. Upana wa kisheria ni mkubwa zaidi, unazidi ule wa kijana wa mafua. Yeye alipaswa kushika upana ule wote, ameshika huu mdogo. Angefuata sheria, gurudumu lingelala kitandani kwangu. Akasema nishukuru, nifunge mdomo, na Mungu anisaidie nisilete malalamiko mengine.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepata njia. Sijalala, lakini nimeipata.

Kama mti ni wa barabara, hifadhi inakuja mpaka kwangu. Kama mti ni wangu, hawana la kupima! Nimetoa kibao uvunguni, nikakipangusa, nikakibeba kwapani mpaka Ofisi ya Barabara. Nikatamka mbele ya kijana wa mafua na watu wote waliokuwa kwenye foleni kwamba nafuta malalamiko, mti ni wangu, ulikuwa wangu tangu mwanzo, na ushahidi huu hapa umeandikwa kwa rangi ya mafuta.

Akaandika kila neno. Akasoma: kwamba nakiri kumiliki mti ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, na kuubandika tangazo la biashara. Ukuta unavunjwa vilevile. Kibao wamekichukua.

Kwenye foleni alikuwepo abiria wa shemeji. Mmoja kati ya wachache waliobaki! Kabla sijafika nyumbani shemeji ameshafika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Kumbe ni wako, shemeji. Basi tumerudi pale pale." Nailoni ikapiga kelele mpaka alipokata kona.

Ijumaa, 24 Oktoba

Muuza mayai haitikii salamu. Kinyozi ameniambia nyembe zimeisha. Naziona zikiwa zimejaa kwenye kikombe.

Soli peke yake ndiye anayenisemesha. Afadhali asingenisemesha. Leo aliuliza kama ukuta una mwenyewe, au nao tuutafutie.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamevunja.

Hawakukaa sana. Nilidhani ukuta uliosimama miaka yote hiyo ungejitetea kidogo. Mke wangu alikuwa ameshafungasha tangu jana: cherehani yake, mdoli, kioo kimefungwa na shuka. Sasa nimeelewa alichokuwa anakikimbilia. Alimaliza magauni yote ya watu kabla ya leo, hakuna bi harusi aliyekosa. Akaniachia kisahani cha pini kwenye dirisha la chumba cha kati. Sijui kama ni ukumbusho au amesahau.

Anahamia sebuleni kwa kaka yake. Kazi tu, amesema. Lakini mto wake pia umekwenda. Shemeji alimfuata na teksi ile ya nailoni. Nilitaka kumwambia mke wangu maneno mazuri, nikamwambia aangalie upepo. Akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, akaingia garini. Waliondoka wakipiga kelele kama tiara.

Mti umesimama. Hakuna aliyeugusa. Tawi kavu liko palepale juu ya njia. Nilimkumbusha Kofia Njano. Akasema leo walitumwa ukuta.

Jumatano, 29 Oktoba

Mbele ya nyumba kuna kifusi cha ukuta wangu, na juu ya kifusi amekaa Soli. Anasema ni pazuri, pana mwinuko, na kivuli kinafika. Amenikaribisha. Sikukaa. Kisha nikakaa kidogo, kwa sababu viti vimekwenda na mke wangu.

Nilikwenda kumwomba Kofia Njano aondoe kifusi. Amekuja, amekitazama. Akasema mstari unapita katikati yake. Nusu ya upande wa barabara wataiondoa wao. Nusu iliyoangukia ndani, hiyo ni yangu, nijibebee. Ukuta walivunja wao! Nikauliza tofali moja lililokaa juu ya mstari ni la nani. Akavua kofia kwa mara ya kwanza, akajifuta uso, akaondoka.

Mke wangu alituma mtu achukue kile kisahani cha pini. Nimempa. Nilimuuliza kama mke wangu hajambo. Akasema anashona. Nilimuuliza amesema atarudi lini. Akasema ameagizwa pini tu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku njema kuliko zote za mwezi huu! Naandika jioni hii nimekaa kitandani, maana ndipo mahali pekee palipobaki pa kukaa. Upepo wa barabarani unaingia mpaka hapa. Maua ya zambarau yametua kwenye shuka.

Nilikuwa nabeba tofali la tatu, Soli akinihesabia, ndipo nikakumbuka maneno ya Kofia Njano. Alisema mwenyewe! Kwa mdomo wake! Kwamba kipimo alichotumia ni kidogo, na kile cha sheria ni kikubwa zaidi. Sasa, kama hifadhi ya kisheria inaingia ndani kuliko ule mstari wake, basi kifusi chote kimo ndani ya hifadhi. Chote! Hakuna nusu yangu. Ni mali yao na wajibu wao, kiwe mti, kiwe jiwe, kiwe nini. Na mtu mzima karibu avunje mgongo kwa huruma ya Kofia Njano!

Nikamweleza Soli. Aliacha kushona kiatu. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema yuko tayari kunisaidia kubeba tofali zote, bure, leo hii hii, mradi nisiende kokote. Wivu. Amezoea kukaa juu ya kifusi, anaona kinaondoka.

Malalamiko rasmi yako tayari. Nadai sheria ifuatwe neno kwa neno, gurudumu lirudi, na wapime upana wote bila kumwonea mtu huruma. Wakishaondoa kifusi, mke wangu ataona nilikuwa sahihi, atarudi.

Kwa tahadhari nimejipimia mwenyewe kwanza. Safari ile nilikosea, niliishia kwenye mti. Leo nimekwenda mpaka mwisho, kipande kwa kipande, na mambo ni mazuri: kifusi kimepitwa kabisa, na nafasi ya kutosha imebaki! Ncha ya tepu nimeifunga kwenye mguu wa kitanda, ilipofikia, isipotee kabla hawajaja.